Povu la Chupa ya Nne

Nilichaguliwa kwenye mradi wa sayansi kwa sababu siongei. Deskmate wangu angeongea na majaji. Mimi ningechuma majani ya kile kichaka cha leleshwa nyuma ya shule, hapa Lanet, Nakuru, na kuosha chupa. Nilifurahi. Chupa haziulizi mtu maswali. Yeye alitaka tushinde twende Nairobi, maana hajawahi kupita Naivasha.

Matron wetu wa bweni hakagui usafi kwa macho, anakagua kwa pua. Kitu kisiponuka sabuni, unarudia. Kwa hivyo nilizoea kutosuuza.

Tuliloweka majani kwa maji, mengine kwa spiriti, mengine kwa mafuta ya taa, tuone ni gani inatoa dawa zaidi. Tukachuja, tukakausha, tukaongeza maji, tukatikisa. Povu likikaa, kuna saponini, ile dawa tuliyokuwa tunatafuta. Zote tatu zilitoa povu hadi kizibo! Mwalimu wa Bayolojia alitupiga picha. Chupa ya nne ilikuwa na maji matupu, ya kulinganisha. Hiyo hatukutikisa. Nani hutikisa maji?

Siku ya mashindano, jaji alitikisa.

Povu lilisukuma kizibo likamwagikia tai yake. Lilishinda yale mengine yote.

"Kwa hivyo maji ya Nakuru ni dawa?"

"Kabisa, sir!" deskmate akasema bila kupepesa macho. "Si ndio maana yanatuharibu meno? Ni makali."

Na jaji akaandika! Akaita jaji mwenzake. Walimu wa shule zingine wakaja kuangalia. Mlinzi wa geti naye akaja na kikombe kitupu cha chai.

"Boss, niwekee kidogo. Hii goti imenisumbua tangu Krismasi."

Deskmate akamjazia. Nilimkanyaga mguu, akasogea. Mzee akainua kikombe, akafunga macho kama anayeomba.

"Usikunywe!" Sauti ilitoka kubwa, sikujua ni yangu. "Ni sabuni. Ni mimi niliosha. Zote nne."

Jaji akafuta alichoandika, polepole. Mlinzi akachungulia kikombe.

"Ya unga ama ya kipande?"

"Ya unga."

"Ah. Basi nitafua soksi." Akaenda nacho.

Nairobi iliisha hapo hapo. Tukakunja bango letu la mradi. Deskmate hakuniangalia hadi tulipofika nje.

"Miaka tatu tunakaa deski moja hujawahi kuniambia hata niaje," akasema. "Ukaona uanze leo?"

Nikamwambia niaje. Alikataa kujibu, lakini alinipa upande mmoja wa bango nishike.