Orodha ya Wanafunzi wa Uhakika

Mwalimu mkuu amenipa tena kazi ya kuandika mpango wa shule. Ameniletea karatasi tatu za manila, kalamu za wino mzito za rangi nne, na maneno yale yale ya kila mwaka: "Madam, wewe ndiye mwenye mwandiko." Nimeziviringisha na kuziweka juu ya kabati, na sasa zina wiki mbili huko. Kila akipita ananiuliza tumefikia wapi. Namjibu tuko kwenye tathmini, na kwa upande wangu huo si uongo.

Mpango wa kwanza niliuandika miaka mitatu iliyopita. Shule yetu iko kwenye ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita, mahali ambapo karasha, zile mashine za kusaga mawe, huanza kunguruma kabla ya kengele ya asubuhi, na mwalimu hufundisha kwa kupaza sauti mpaka koo linakauka. Mwaka ule matokeo ya darasa la saba yalitoka tukiwa mkiani katika kata nzima. Mwalimu mkuu aliitwa wilayani pamoja na wenzake walioshika mkia, wakasemwa mbele za watu, wakaambiwa warudi na mpango wa kuinua ufaulu. Alirudi amenuna. Akaniita mimi, mwalimu wa taaluma, akanikabidhi kazi hiyo.

Nikiri jambo moja: niliifurahia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na majivuno yangu nayo hayako mbali. Nilikuwa nimechoka kuonekana mwalimu wa porini kila nilipokwenda nyumbani kwetu Kambarage, Shinyanga mjini, ambako shangazi zangu huniuliza kama wanafunzi wangu huja darasani na dhahabu mfukoni. Niliandika kwa mwezi mzima. Nilichora jedwali lenye changamoto, mkakati, mhusika na muda. Kwenye utoro nikaandika uji wa saa nne. Kwenye hisabati nikaandika masomo ya ziada ya jioni. Nilipofika kwenye mstari wa wazazi wasiofuatilia maendeleo ya watoto, nikakwama siku kadhaa.

Ndipo nikapata wazo nililoliona la maana kuliko yote. Ofisini tulikuwa na mazoea ya kuwagawa watoto wa darasa la saba mafungu matatu: wa uhakika, wa kusukuma, na wa kuombea. Ulikuwa utani wetu walimu, wa kuchekea chai. Nikasema fungu la kwanza tulitoe hadharani. Tuandike majina ya watoto wa uhakika kwa herufi kubwa, tuyabandike ukutani nje ya ofisi, na siku ya kikao cha wazazi tuyasome, kila mzazi asimame apigiwe makofi. Mzazi aliyepigiwa makofi mbele ya majirani zake, nilisema, hataona haya tena kumwachia mtoto muda wa kusoma. Wenzangu walinipongeza. Mwalimu mkuu alisema hilo tuliweke mwanzoni kabisa.

Mimi ni Msukuma na nimekulia huku. Nilijua tangu mdogo kwamba wapo akina baba ambao, mtihani ukikaribia, humwita binti pembeni na kumwambia aandike makosa. Binti akifaulu halafu asipelekwe sekondari, serikali inamtafuta baba. Akifeli, hakuna wa kumuuliza mtu chochote, na ng'ombe wa mahari wanaingia zizini kwa amani. Mama yangu mdogo aliolewa hivyo hivyo. Nilijua yote haya, lakini nilikuwa nimeyaweka kwenye mambo ya kale, ya watu wa kabla ya simu na umeme. Kwenye jedwali langu hayakuwa na mstari.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la msichana mmoja aliyekuwa akija kwa miguu kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Alikuwa mwembamba, mpole, akiandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa haufutifuti. Nyumbani kwao ni Kisukuma tupu, lakini insha zake nilikuwa nawasomea walimu wenzangu ofisini kwa sauti. Hisabati alimaliza kabla ya wote, akageuza karatasi, akakaa kuangalia dirishani. Nilimpenda mtoto yule, niseme tu. Mimi nimezaa wavulana watupu, na yeye nilikuwa nimeshamchagulia shule ya bweni, tahasusi na kazi, vyote hivyo bila kumuuliza hata siku moja. Nilichotaka ni afike sekondari. Mengine niliamini yatakuja yenyewe.

Siku ya kikao baba yake alikuja. Sikuwa nimewahi kumwona. Alivaa koti zito kwenye jua lile, akakaa nyuma na wafugaji wenzake. Nilipolisoma jina la binti yake hakusimama. Ilibidi jirani yake amguse bega. Akasimama taratibu, watu wakapiga makofi, na akina mama wawili watatu wakapiga vigelegele. Kikao kilipokwisha akanifuata pale ukutani. Aliitazama ile manila kwa muda, akaniomba nimwonyeshe jina la mtoto wake ni lipi. Nikamwekea kidole.

"La kwanza kabisa?" akauliza.

"La kwanza, baba. Huyu hata tukimwamsha usingizini anafaulu."

"Wabeja, madam," akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana. Nilikuwa sijui."

Nilikwenda nyumbani nikijisifu. Nilimwambia mume wangu kwamba leo nimemfumbua macho mfugaji mmoja.

Wiki mbili baadaye tulifanya mtihani wa majaribio, wa kuchagua jibu kuanzia A hadi E, watoto wakisiliza kiduara cha jibu kwenye fomu, yaani kukijaza weusi kwa penseli. Fomu za mtihani wa taifa ni safi, ila zetu tulizirudufu kwa mashine ya kijijini na zilitoka zimepinda, herufi huku, kiduara kule. Nilisahihisha hisabati siku hiyo hiyo, alasiri, kwa mkono wa haraka. Nilipofika kwenye fomu ya msichana wangu nikaweka kosa la kwanza, la pili, la tatu. Nilifika chini bila kuweka vema hata moja.

Nikaanza upya nikiwa na majibu sahihi pembeni. Pale ambapo jibu ni A, alikuwa amesiliza B. Pale ambapo ni B, alisiliza C. Ilikuwa hivyo mwanzo mpaka mwisho, herufi moja mbele ya jibu, bila kuteleza popote. Nikashusha pumzi. Nikajiambia ni zile fomu zetu mbovu, mtoto ameona kiduara cha jirani akadhani ndicho chake. Lakini niliona pia kwamba pale ambapo jibu lilikuwa E, ambako mbele hakuna tena kiduara, alirudi mwanzo akasiliza A. Macho yaliyokosea yangeishia kwenye ukingo wa karatasi. Niliona hilo, namaanisha niliona kabisa, kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Kisha nikachukua fomu ya mtoto anayefuata, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa anasubiri wastani.

Kesho yake nilimwita ofisini, tukawa wawili tu.

"Wewe ndiye wa kuniangusha?" nikamwambia. "Jina lako liko juu kabisa pale nje, halafu unashindwa kusiliza kiduara?"

"Nisamehe, madam."

Nikampa fomu mpya, nikamtajia majibu kumi, nikamwambia asilize mbele yangu. Akayasiliza yote sawasawa, kwa mkono wake ule wa kushoto.

"Umeona? Unaweza. Kuwa makini, basi. Nenda darasani."

"Ndiyo, madam."

Hakwenda. Alibaki amesimama, ameshika penseli, akitazama meza yangu. Ile fomu yake ya mtihani ilikuwa pale juu, imejaa wino wangu mwekundu. Nilidhani anasubiri nimpe ruhusa ya kubaki na penseli. "Chukua tu," nikamwambia, nikarudi kwenye jedwali langu. Chini ya changamoto nikaongeza mstari mpya: makosa ya ujazaji wa fomu. Mkakati: mazoezi ya mara kwa mara. Mhusika: mwalimu wa taaluma.

Mpango ulifaulu. Hilo ndilo linaloniuma kulisimulia. Matokeo yalipotoka shule ilikuwa imepanda mpaka tukawapita hata majirani zetu wa mjini, tukapewa ngao, na mimi nikaitwa Shinyanga kuwaeleza walimu wenzangu jinsi tulivyofanya. Watoto wa uhakika walifaulu wote isipokuwa mmoja. Yeye alipata E kwenye kila somo, hata kwenye Kiswahili. Nilikaa na karatasi ya matokeo mapajani, nikajua. Nilikodi bodaboda kwenda kwao, nikavuka mashamba ya mpunga, nikamkuta mama yake anapepeta. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, hakuniangalia usoni. Binti alikuwa ameshaondoka. Zizini kulikuwa na ng'ombe wageni, bado wamefungwa kamba wasirudi walikotoka.

Wale walimu niliwahutubia kama nilivyoagizwa. Mmoja aliuliza ni mkakati upi uliosaidia zaidi. Nikajibu ni kuwashirikisha wazazi, wakaandika. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Msichana nilimwona mwaka jana tu, sokoni Nyasubi, Kahama. Nilikuwa nimekwenda kununua chaki na madaftari ya kuandalia masomo, nikapita kutafuta nyanya. Nikasikia, "Shikamoo, madam." Alikuwa amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya, mtoto mgongoni, amenenepa kidogo usoni. Nikaitikia marahaba. Alinivutia ndoo nikae. Mume wake, aliniambia, anachimba huko karibu na Geita, anarudi akipata na asipopata harudi. Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Sikujua nianzie wapi, nikaanza vibaya. Nikamwambia ningejua mapema ningekwenda kuzungumza na baba yake.

"Baba hakuwa na shida, madam," akasema. "Alikuwa anadhani mimi ni wa kawaida. Madaftari nilikuwa simwonyeshi. Nilikuwa nimepanga nifaulu kimya kimya, jina litoke serikalini, ashindwe kukataa." Alipanga upya fungu moja la nyanya ambalo halikuwa limeharibika. "Aliporudi kutoka kwenye kile kikao ndipo aliponiita."

Nililia pale, mbele ya watu wa soko, mwanamke mzima mwenye mkoba wa chaki. Yeye hakulia. Alimtoa mtoto mgongoni, akamnyonyesha, akaningojea nimalize.

"Aliniambia nikifaulu ataniapiza, na mama atafukuzwa," akaendelea. "Nikaogopa kukuambia kwa mdomo. Nikasema madam anasahihisha mwenyewe, ataona. Wa kufeli kweli hubahatisha, hawezi kukosa yote. Ndiyo maana ule wa majaribio niliuandika kwa mpangilio, herufi moja mbele, mwanzo mpaka mwisho. Hata zile za E nilirudisha kwenye A, usije ukadhani ni fomu." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mtoto wa darasani aliyemaliza mapema, aliyegeuza karatasi na kukaa anasubiri. "Hukuona, madam?"

Ningeweza kumwambia sikuona. Pengine ingekuwa rahisi kwake kuliko hivi.

"Niliona," nikamwambia.