Kipimo cha Jumamosi

Mafundi wengi wana haraka ya kufungua. Ukiwapelekea gari linalosumbua gia, hawajaitikia hata salamu, tayari wako uvunguni na spana. Fundi aitwaye Taratibu hafungui kitu siku ya kwanza. Humwambia mwenye gari aendeshe, yeye akae pembeni, afumbe macho. Wateja wapya hudhani amesinzia, na tuseme ukweli, mara nyingine huwa wamepatia.

Asubuhi moja alifika mkunga mstaafu na gari kuukuu la gia otomatiki, rangi imepauka ila viti safi kama vya sebuleni. Lilikuwa la mumewe, aliyefariki miezi saba nyuma. Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia giaboksi imekufa, aliuze kama chuma chakavu.

"Nimeshazika mmoja mwaka huu, fundi," alisema. "Sitaki kuzika tena."

Wakazunguka mtaa. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilinguruma bure bila mwendo kuongezeka, kisha gia ikaingia kwa kishindo, wote wawili wakatikisika.

"Inateleza kabla ya kushika," alisema Taratibu, macho yamefumbwa. "Mafuta ya giaboksi unapima, mama?"

"Kila Jumamosi! Kama alivyonifundisha marehemu mwenyewe."

"Hebu nionyeshe."

Waliporudi karakana, mama akazima injini, akasubiri ipoe, akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. "Yamejaa. Umeona?"

Taratibu aliona, na roho ikamuuma. Giaboksi ya gari lile hupimwa ikiwa na moto, injini inawaka. Ukizima, mafuta yote hushuka chini na kijiti hudanganya. Marehemu alikuwa amepima vibaya, kwa uangalifu mkubwa, miaka nenda miaka rudi.

Angeweza kuongeza mafuta kimyakimya na kumwacha mama na mumewe asiye na kosa. Lakini Jumamosi ingefika tena, mama angepima vilevile, na siku moja giaboksi ingeungua kweli. Akamwomba awashe gari, wakaliacha lipate moto, mguu kwenye breki, wakapitisha gia zote moja moja. Safari hii kijiti kilitoka kimelowa nchani tu. Taratibu akanusa. Mafuta yalikuwa yamefifia rangi, lakini hayakunuka kuungua.

"Giaboksi ni nzima, mama. Ina kiu tu. Ila..." Akakifuta kijiti. "Inapimwa injini ikiwa inawaka. Mzee alikuwa anakosea."

Mama akaitazama injini iliyokuwa ikiwaka. Taratibu akajiona mtu mbaya kuliko wote duniani, akajishughulisha na faneli, akimimina mafuta kidogo kidogo na kupima tena na tena.

Wakatoka kwenda kujaribu. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, zikaingia laini hata usijue. Mama akaegesha kando ya barabara, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Miaka thelathini na sita ananiambia mimi sijui magari!"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Tangu tumzike, watu wananiletea sifa zake tu, mpaka nikaanza kusahau alivyokuwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Leo nimemwona mume wangu, fundi. Mbishi vilevile. Angekuwepo, ningemgombeza mpaka jioni."