Mshahara wa Madamu Esperansi

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unanichoma. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Nilipanda gari asubuhi Gitega nikaenda Muyinga kumuuliza mwanamke nisiyemjua swali moja tu: analipwa kiasi gani. Nimesikia kwa mama yako kwamba umepata nafasi ya kusoma biolojia, na karatasi ya mkopo inangoja sahihi yako. Basi kaa kidogo, nikueleze jambo ambalo huwa sipendi kulisimulia.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gitega, mtaa wa Yoba. Alikuwa na vyerehani viwili na watoto sita. Mimi niliipenda biolojia tangu siku mwalimu aliponionyesha jani la mgomba kwa hadubini. Nilikataa kuondoka hata wenzangu wakanisukuma. Nikafaulu mtihani, lakini msaada wa serikali ukanipita. Ada na chumba cha Bujumbura vilimshinda Baba, akaenda kwa rafiki yake, Papa Safari.

Papa Safari alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge sokoni, mtu wa kanisa. Alikubali kutukopesha kwa miaka yote ya masomo, tena bila riba, kwa kuwa Baba hakutaka riba. Kisha akanigeukia.

“Mtoto wangu, ukishamaliza hii biolojia, utakamata mshahara gani kwa mwezi?”

Nikamjibu kwamba biolojia ni elimu kubwa, wanaoisoma hawakosi.

“Sijauliza kama ni kubwa. Nimeuliza mshahara. Muyinga kuko madamu mmoja, Esperansi. Alisoma hiyo hiyo. Enda umuulize.”

Madamu Esperansi alikuwa mwalimu wa lisee, yaani sekondari. Alinipa chai, hakunificha kitu. Alichukua karatasi, akaandika mshahara wake juu. Chini yake akapanga kodi ya nyumba, chakula, mafuta ya taa, na pesa anayompelekea mama yake. Kilichobaki hakikufika hata pato la Baba la wiki moja ya kushona kabla ya Idi.

“Kazi naipenda, siwezi kuiacha,” aliniambia. “Lakini mshahara ndio huo. Mtu asikudanganye.”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiambia: nikiitaja hesabu hii, Papa Safari atafunga mkono wake. Nilipofika Gitega nikataja mara mbili ya ile niliyoandikiwa. Baba akatabasamu. Papa Safari akaandika kwenye daftari lake, wakakubaliana kwamba nikipata kazi nitaleta theluthi ya mshahara huo kila mwezi mpaka deni liishe.

Nikasoma, nikamaliza vizuri, nikapelekwa kufundisha Giteranyi, kule mpakani. Mshahara wa kwanza nilipouhesabu, ulikuwa ule ule wa Madamu Esperansi. Na theluthi ya uongo wangu ilikuwa theluthi mbili za ukweli. Miezi miwili nilijinyima, nikala ugali wa muhogo bila mboga. Mwezi wa tatu nikashindwa. Nikampelekea Papa Safari nusu ya tulichokubaliana, na barua kwamba mshahara umechelewa. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Yeye hakunidai kilichobaki, nami nikadhani ananivumilia.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani. Nilimkuta Baba anashona sare za shule kwa cherehani kimoja. Mdogo wangu Zaituni alikuwa mkekani, anapinda nguo kwa mkono.

“Kile kingine kiko wapi, Baba?”

“Kiliharibika,” akasema, bila kuinua macho.

Zaituni alinifuata uani. “Kimeuzwa, dada. Kila mwezi Baba anajazia deni lako. Alitukataza tusikuambie.”

Sikungoja hata kubadilisha nguo. Nilikwenda sokoni nikamweleza Papa Safari yote, wateja wake wakisikia. Aliendelea kukunja vitenge.

“Kumbe Esperansi alikuambia ukweli?”

“Ndiyo, Papa.”

“Na we ukanibebea uongo.” Akaweka kitenge chini. “Mi sikuuliza mshahara ili nikukatalie. Niliuliza ili nijue deni tutalikata vipande ngapi. Ungesema ukweli, ningekupa pesa ile ile, ungelipa pole pole miaka mingi, na mzee angekuwa na mashine yake.”

Angenitukana ingekuwa afadhali. Alifungua daftari, tukapiga hesabu upya kwa mshahara wa kweli. Kisha akaniambia niende mwenyewe kwa Baba. Baba hakunigombeza. Alisema tu, “Mimi nilimwambia Safari kwamba mwanangu hasemi uongo.” Akaendelea kushona.

Nilirudi Giteranyi na aibu yangu, lakini nilirudi na akili pia. Migomba ya kule ilikuwa inakauka kwa ugonjwa, na watu walikuwa wakiomba miche kwa jirani, wakiubeba ugonjwa shamba kwa shamba. Hilo nililijua kwa sababu nililisoma. Nikaanza kitalu nyuma ya nyumba: nilifukia matunguu, yaani mashina ya chini, ya migomba isiyo na ugonjwa katika vumbi la mbao, nikayafunika kwa karatasi ya plastiki. Mwaka wa kwanza nusu ya miche ilioza. Wa pili watu walikuja kwa baiskeli, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Msimu wa mvua miche iliniingizia pesa nyingi kuliko darasa. Deni likaisha kabla ya wakati tuliopanga, na Baba akapata cherehani kingine, ingawa macho yake yalikuwa yamechoka na Zaituni ndiye aliyekikalia.

Kwa hiyo sikuambii uache biolojia, mwanangu. Isome. Lakini kabla hujatia sahihi, tafuta watu watatu walioimaliza. Usimtafute yule mwenye gari. Tafuta wanaoishi kama utakavyoishi wewe. Waulize wanalipwa nini, na walikaa muda gani bila kazi. Shika hesabu iliyo ndogo kuliko zote, toa nyumba, toa chakula, toa fungu la wazazi, ndipo uone kama kipande cha mkopo kinaenea. Kisipoenea, omba vipande vidogo zaidi, au chuo cha bei nafuu, sasa hivi, kalamu ikiwa bado mkononi. Na hesabu hiyo msomee mama yako kwa sauti, maana jina lake ndilo lililo chini ya lako kama mdhamini, na wewe ukishindwa yeye ndiye atakayeuza kitu kimya kimya.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi yenye heshima, ailainishe njia ya riziki yako, na siku utakapolipa kipande cha mwisho mama yako awe mzima, ameketi karibu nawe, anacheka. Amina.