Kiwete Hiki Kinataka Nini

Dada yangu mkubwa anatembea kwa magongo tangu utotoni. Ni fundi wa kushona, na watoto wengi wa Balambala huenda shule wakiwa na sare iliyopita mikononi mwake. Mwaka jana tulikwenda naye Garissa mjini asajiliwe, apate kadi ya watu wenye ulemavu, ili aweze kuomba kazi za serikali zilizotengewa watu kama yeye.

Karani alipokea karatasi zetu, akamruka dada kwa macho, akanitazama mimi.

"Kiwete hiki kinataka nini?"

Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Huku kwetu ni lugha ya darasani na sokoni. Nyumbani ni Kisomali, na ngeli tunazivuruga hata sisi walimu. Simcheki mtu kwa hilo. Karani huyo huyo alikuwa ametoka kumwambia mzee aliyetutangulia, "Barua yako hana muhuri, rudi kwa chifu." Lakini alipofika kwa dada yangu, viambishi vyote vililingana. Kiwete, hiki, kinataka, ingawa sarufi humpa mtu "huyu" na "anataka". Sentensi pekee iliyompangikia siku hiyo ni ile inayomfanya mtu kuwa kitu.

Nilifungua mdomo nimjibu, dada akanishika mkono.

"Niulize mimi," alimwambia karani. "Miguu ndiyo haina nguvu. Masikio yangu ni mazima."

Karani akacheka. "Usikasirike, mama. Si ndiyo Kiswahili chenyewe?"

"Andika mtu mwenye ulemavu wa miguu. Halafu andika jina langu. Liko kwenye kitambulisho hapo mbele yako."

Aliandika, bila kuomba radhi, kisha akatuweka kwenye benchi mpaka baada ya adhuhuri. Waliokuja nyuma yetu walihudumiwa wakaondoka.

Tulipotoka nilisema nitamshtaki kwa mkubwa wake. Dada alijiegemeza ukutani akanywa maji.

"Na wewe," akaniuliza, "nyumbani unaniitaje?"

Nyumbani tunamwita Langare, yaani mchechemeaji. Sisi Wasomali tunapachikana majina ya maumbile bila haya, na siku zote nilijiambia kwamba ni mapenzi.

"Wengine wanayapenda majina yao," alisema. "Mimi aliniuliza nani?"

Hakuna aliyemuuliza. Nilimwita hivyo tangu nijue kusema, nikamwita hivyo mbele ya wateja wake, mbele ya wanafunzi wangu. Karani alikuwa amemtusi kwa dakika moja tu.

Jioni dada aliwatangazia watu wa nyumbani kwamba jina hilo hataliitikia tena. Mama alikasirika.

"Nimekuzaa mimi. Nitakuita nipendavyo."

Siku mbili mama aliita Langare, na siku mbili cherehani ya dada haikusimama. Nilimsihi mama, akaniambia shule imeniharibu. Siku ya tatu alikwenda akasimama karibu na mashine, akatamka jina ambalo baba alimpa dada siku ya saba ya kuzaliwa. Alilitamka kwa ugumu, kama anamwita mgeni.

"Naam, hooyo," dada akamwitikia mama, akainua uso.

Kadi ilitoka. Barua niliyomwandikia mkubwa wa ofisi ile haijajibiwa mpaka leo. Nimeandika ya pili, na safari hii nimeipeleka mwenyewe.