Diski Iliyobaki Nyekundu

Mwanangu, nimeshika spana tangu ujana mpaka mikono yenyewe ikakataa, lakini siku inayonirudia ni moja, siku ambayo mama mkwe wangu alitoka eda kule Mitwero. Sikusimulii ili unionee huruma. Nasikia umeanza kazi ya gereji, na nasikia wateja wanakupenda sana. Hilo la pili ndilo limenitia wasiwasi.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Ukoo wa mke wangu, Zuhura, ulikuwa na mikorosho bara, nyuma ya vilima. Walipoambiwa wahame walihama, wakajenga Mitwero karibu na barabara. Baba mkwe alihama mwili tu. Alipofariki aliacha usia azikwe kule kule mahameni, walikohama, na akazikwa huko. Aliacha pia gari dogo jeupe, alilolinunua kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anaondoka Lindi. Na kwao kulikuwa na desturi: chombo alichokipanda marehemu hakiguswi mpaka mjane atoke eda, na mjane ndiye wa kwanza kukipanda, apelekwe kaburini kwa mumewe. Basi gari likakaa uani miezi yote ya eda, masika yakalinyeshea, upepo wa bahari ukalipiga, na hakuna aliyethubutu hata kulisogeza.

Hapo nikueleze jambo la kazi. Diski ya breki ni sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana huku na huku, gari linasimama. Chuma hicho hakipakwi rangi, kwa hiyo hapa pwani gari likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi diski ni nyekundu. Nilipokuwa mgeni gereji pale Mtanda, nilimwambia mteja kwamba diski zake zimekufa kwa sababu ya wekundu huo. Mwalimu wangu, Fundi Chande, mzee mwenye maneno machache na makali, aliniita pembeni.

"Umeliendesha?"

"Bado."

"Sasa umejuaje? Kutu ya asubuhi si ugonjwa. Endesha, kanyaga breki mara kadhaa, rudi uangalie. Iliyosafishika ni nzima. Iliyobaki nyekundu, hiyo ndiyo uiulize imekuwaje."

Siku ya kutoka eda, wageni walifika mpaka kutoka Sudi. Mama mkwe alikoshwa, akavishwa kanga mpya, udi ukafukizwa. Hassani, kaka yake Zuhura, ndiye angeendesha, na garini wangepanda mama, shangazi wawili na shehe wa kusoma dua. Nilimwomba Hassani alipeleke gari mpaka njia panda na kurudi kabla mama hajapanda. Alikubali huku amekunja uso, maana desturi ilimtaka mama awe wa kwanza.

Aliporudi nilichuchumaa. Diski ya mbele kushoto ilikuwa inang'aa, na ukiisogezea kiganja unasikia joto. Ya kulia ilikuwa baridi na bado nyekundu. Nikafungua gurudumu. Upande wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama, kutu ilikuwa imechora umbo la pedi pale pale ilipokaa miezi yote ile, na shimo lake lilinasa ukucha. Sehemu moja ya diski ilikuwa nene, nyingine imeliwa ikabaki nyembamba. Pedi yenyewe ilikuwa imegandia mahali pake, haisogei hata kwa nyundo. Kwa maneno mengine, mbele gari lilikuwa linashikwa na gurudumu moja tu. Kwenye tambarare ungesikia usukani unavuta kushoto kidogo, ukazoea. Lakini njia ya mahameni inashuka kilima kirefu, na kushoto kwake ni korongo.

Msasa ungeondoa wekundu, usingerudisha chuma kilicholiwa. Na diski mpya ungeipata wapi, Lindi ya siku zile ambapo hata sabuni tuliipangia foleni?

"Rudisha gurudumu, shemeji," Hassani akasema. "Watu wanangoja."

"Sirudishi. Hebu weka mkono hapa, uone mwenyewe."

"Siweki mkono popote. Gari la baba unalivua mbele ya wageni, leo?"

Zuhura akaja, akaniinamia sikioni. "Mume wangu, mama amengoja miezi yote hii. Si wataenda polepole?"

"Kupanda wataenda polepole," nikamwambia. "Kushuka, si wao watakaoamua."

Nikasema nitatafuta gari jingine kesho. Mjomba wake Zuhura, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, akanijibu kwamba siku ya kutoka eda haina kesho. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda na korosho. Kwa miguu mama asingeweza, goti lake lilikuwa bovu. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Mkwe hajibizani na wakwe zake. Lakini niliiondoa ile diski, nikaikumbatia kifuani na kutu yake ikanichafua kanzu, nikasimama nayo.

Kisha nikaisikia kutoka ndani sauti ya mama mkwe, ya chini kabisa. "Mwambieni mkwe wangu kwamba nimesikia." Akavua kanga mpya, akavaa ya zamani, akakaa tena kwenye mkeka.

Jioni nilikwenda kwa Fundi Chande. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote nikitarajia pongezi. Aliigeuza diski mkononi, akapitisha kidole.

"Mbovu," akasema. "Ulifanya lililokupasa. Mama mwenyewe umemwonyesha?"

"Mama mkwe? Ningeanzaje?"

"Ungeipeleka ndani kwa mkono wa mkeo. Umemnyima kaburi la mumewe, na hata sababu hukumwonyesha. Usije kwangu kutafuta sifa."

Maneno yale yaliniuma kuliko ya Hassani. Kesho yake nilimpa Zuhura ile diski ampelekee mama. Ilirudi jioni ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, bila neno. Lori lilipopatikana, mama alikataa kulipanda. Alisema aliahidiwa gari la mumewe. Masika yaliyofuata aliugua, akafa, na kaburi lile hakuliona.

Baada ya matanga mjomba alikuja kumchukua Zuhura arudi kwao. Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Una hakika siku ile wangekufa?"

Ndiyo moja tu ingetosha, pengine angebaki. Nilitamani mno kuitamka. Nikasema, "Sina hakika." Akafunga nguo zake. Nililia, mwanangu, mtu mzima na masharubu yangu.

Nimejiuliza swali lake miaka yote hii, na jibu sijapata. Pengine Hassani angeshuka kile kilima taratibu, wakafika, wakasoma dua, wakarudi kula pilau. Diski haikuniambia watakufa. Iliniambia haishiki, na mimi nilikuwa fundi wa kuisikiliza hiyo, si mtabiri.

Basi shika haya. Usilihukumu gari kabla halijatembea. Likirudi, gusa kila gurudumu, la moto na la baridi, na uangalie na upande wa ndani ambao mteja haoni. Ukikuta diski imeliwa, usimkabidhi mtu ufunguo kwa sababu ya harusi, msiba, ukwe au macho ya watu. Lakini mwonyeshe, na umwonyeshe kwanza yule anayepoteza zaidi, hata kama adabu inakuzuia kusimama mbele yake. Mtafute wa kumpelekea. Na usingoje shukrani. Ajali isiyotokea haina shahidi, na utabaki wewe peke yako na chuma chako mkononi.

Hassani bado yupo, mzee kama mimi, ana wajukuu. Tukikutana msikitini ananipita bila salamu. Mimi humwangalia anavyotembea, mpaka aingie ndani.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kukataa, mwanangu. Na wale watakaokununia, awape umri mrefu wa kukununia. Amina.