Maneno ya Mama Anastazia Niliyoyakata

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu Furaha, na bibi yako asisikie. Ni siku Papa Bauma aliponiuliza maneno ya mama mmoja wa Karuba yako wapi, nami nikakosa pa kutazama. Jana ulikula kiapo cha uwakili pale Goma, umevaa toge, lile joho lako jeusi, na mimi babu yako nikalia mbele za watu bila haya. Wengine wamekupa zawadi nzuri. Mimi nakupa kisa hiki, tena ni kisa cha aibu yangu, kwa hiyo kitunze.

Miaka ile ya hamsini hakukuwa na avoka, yaani wakili, mweusi kwetu. Avoka walikuwa Wazungu, na walikaa mbali, mijini. Sisi tuliosoma misioni, tukajua kuandika mwandiko mzuri, tulifika ukarani wa tribinali, baraza la mashauri la mwami, chifu wetu, na hapo tukashukuru Mungu. Nilipata kazi hiyo Masisi nikiwa sijaota ndevu za kunyoa. Nilipewa meza, wino na kitabu kikubwa cha mashauri. Wazee waamuzi walisikiliza na kukata shauri, mimi niliandika yaliyosemwa, kisha mwenye kusema akatia kidole chini ya maneno yake.

Kitabu kile kilisomwa pia na Mzungu wa teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Nilitaka akisoma aseme, huyu kijana ni evoluwe, mtu aliyestaarabika. Nilikuwa natembea na kalamu mfukoni hata nikienda kuchota maji. Cheka tu, ruhusa unayo.

Basi akaja Mama Anastazia, mjane wa Karuba. Shemeji yake, Sebastiani, alitaka kumwondoa katika shamba la maharagwe lililoko chini ya mlima, pale ambapo baridi inapungua na migomba inakubali. Sebastiani alisema baba yake aliwaazima tu ndugu yake na mkewe, na kwa kuwa ndugu amekufa, shamba lirudi. Mama hakuwa na shamba jingine. Alikuwa na watoto wanne, na maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua.

Alisema kwa muda mrefu. Alisema alimzaa binti yake wa kwanza palepale shambani, wakati wa kuvuna, na baba mkwe mwenyewe akachimba chini ya mgomba wa mpakani, akazika kitovu cha mtoto. Wewe umezaliwa mjini, labda hujui. Kwetu kitovu cha mtoto hakizikwi katika udongo wa kuazima. Anayekizika mahali fulani amekwisha kusema kwamba mtoto huyu ni wa hapa, na hapa ni pake. Wazee walielewa mara moja, wakampa mama shamba lake.

Na mimi niliandika nini? Niliona haya. Kitovu, damu, kuzaa kati ya maharagwe, yote hayo Mzungu ayasome katika mwandiko wangu mzuri? Nikaandika: "Mama anasema shamba ni lake. Hana karatasi." Nikamsomea haraka haraka, akatia kidole. Aliniamini, mwanangu. Mpaka leo kidole kile kinaniuma.

Sebastiani alipeleka shauri teritware. Kule hawakumwita mama, walisoma kitabu. Hukumu ya wazee ikafutwa, likaja agizo kwamba shauri lisikilizwe upya, na mama asikanyage shamba mpaka apatikane shahidi aliyeona akipewa shamba hilo.

Papa Bauma, mkubwa wa waamuzi, hakujua kusoma. Aliniambia nimsomee yale niliyoandika. Nikasoma. Akangoja niendelee.

"Ingine iko wapi?"

"Njo yote, Papa."

"Ule mama alisema tangu asubui mpaka jua ikafika ku kichwa. Maneno yake ingine iko wapi?"

"Papa, ile ilikuwa maneno ya wamama. Haiko ya tribinali."

"Nani alikuambia?" Hakupandisha sauti. "Sisi tulikuweka ku meza juu ya kuandika ao juu ya kuchagula? Unaona ule mama pale inje? Maaragwe yake iko inaiva, na hawezi kuichuma. Njo kazi yako ile."

Nilimtazama mama pale nje, ameketi na mtoto mgongoni, nikatamani ardhi inimeze. Nilidhani nitafukuzwa. Papa Bauma akaniuliza tu kama miguu yangu ni mizima. Aliyemzalisha Mama Anastazia siku ile, Mama Venansia, alikuwa amehamia kwa mwanawe Itebero, kule katika msitu wa Walikale. Alikuwa mzee, hawezi kupanda milima yetu. Papa Bauma akasema niende mimi, nimwandikie palepale mbele ya kapita, mkubwa wa kijiji, neno kwa neno.

Nilitembea siku nyingi. Milima ikaisha, baridi ikaisha, nikaingia msituni ambako jua lenyewe linaomba njia. Viatu vyangu vya ukarani vilifunguka midomo, nikavifunga kwa kamba za mgomba. Kalamu niliifunga katika jani ili isilowane. Njiani nilimfikiria mama yule kila siku, na maharagwe yake, na kila mvua iliponinyeshea niliona ni haki yangu.

Mama Venansia alinipokea kwa muhogo na sombe, mboga ya majani yake, akaanza kusema. Alianzia kwenye ndoa yake mwenyewe! Nikaandika. Akasema habari za mvua ya mwaka ule, nikaandika. Akafika kwenye mtoto, kitovu, na mzee aliyechimba kwa jembe lake mwenyewe, nikaandika bila kuona haya tena. Kisha akasema kulikuwa na mbuzi mkorofi aliyetaka kufukua pale, na kijana mmoja wa nyumba ile akaambiwa amshike kwa kamba.

"Uliandika na ile ya mbuzi?" akaniuliza, maana macho yake hayakuona karatasi.

"Niliandika, Mama."

"Soma nisikie."

Nikamsomea yote, polepole. Mahali pamoja alinisimamisha: nilikuwa nimeandika mbuzi mweupe, naye akasema alikuwa na baka jeusi shingoni. Nikasahihisha. Akatia kidole, na kapita akatia chake.

Siku ya shauri nilisoma mbele ya wote. Watu walicheka kwenye ndoa ya Mama Venansia, wakanyamaza kwenye kitovu. Nilipofika kwenye mbuzi mwenye baka shingoni, Sebastiani alicheka peke yake, kabla hajajizuia.

"Ile mbuzi ilinipiga ku goti!" akasema.

Kisha akasikia alichosema. Papa Bauma hakumkemea. Alimwuliza tu, taratibu, baba yake alikuwa anazika nini pale. Sebastiani aliinamisha kichwa, akasema, "Kitovu ya mutoto ya kaka yangu." Shauri likaishia hapo. Nakuambia ukweli, baadaye yeye ndiye aliyemsaidia mama kuvuna.

Nikaandika hukumu, nikageuka kumsomea Mama Anastazia maneno yake mwenyewe, aliyoyasema upya asubuhi ile, ili atie kidole. Safari hii sikuwa nimeacha hata moja. Nilipomaliza nikamwekea wino. Hakutia.

"Soma tena," akasema.

Nikaogopa. Nikamwuliza kama kuna nilichokosea.

"Hapana, mutoto yangu. Iko muzuri. Tangu nizaliwe hakuna muntu alisema maneno yangu yote. Soma tena."

Nikasoma tena, tangu neno la kwanza. Wazee walingoja. Hakuna aliyetuharakisha.

Mwanangu, kesho utafungua mlango wa ofisi yako, na wa kwanza kuingia atakuja na maneno mengi ambayo shuleni walikuambia hayana kazi. Muache amalize. Usimwonee haya, na usijionee haya wewe mbele ya wakubwa kwa sababu yake. Andika kwanza alichosema yeye, ndipo uandike sheria yako. Kabla hajatia sahihi msomee polepole, na akikwambia mbuzi alikuwa na baka, weka baka. Ukikosea, maana utakosea, funga viatu uende ukarekebishe kwa miguu yako mwenyewe.

Mungu wa wazee wetu akupe masikio yasiyochoka na mkono usiokata neno la mtu. Wajane wakitoka kwako watoke wamesikika. Nami, siku zilizobaki, anipe kukuona ukirudi jioni umechoka kwa kazi ya haki, nikuombee chakula kwa bibi yako, ule, ushibe, ulale vizuri. Nakupenda sana, avoka wangu.