Boti Yenye Maji Haivutwi

Siku yangu ya kwanza kazini, Nahodha Mkuu aliizamisha boti makusudi. Nilikuwa nimetoka Dumila na cheti changu cha kidato cha nne, suruali imepigwa pasi, nikidhani nitaonyeshwa meza. Aliniongoza moja kwa moja hadi kwenye bwawa linalopokea mito ya Uluguru, akaukalia ukingo mmoja wa boti mpaka ukalala na maji yakaingia yakaijaza. Kisha akanipa ndoo.

"Haya, mtoto wa Dumila. Yatoe."

Nilipanda ndani nikaanza kuchota. Kadiri nilivyomwaga, ndivyo yalivyorudi, maana uzito wangu ulikuwa unaushusha ukingo chini ya maji. Yeye alikaa juu ya jiwe akimenya muwa. Aliniacha hadi mikono ikafa ganzi, ndipo aliposema, "Unafua bwawa, siyo boti. Utamaliza lini?"

Kufua maji ndilo jina la kazi hiyo, kutoa maji chomboni, na nawaandikia vijana wanaoshika boti leo kwa sababu naona hawafundishwi tena. Nahodha Mkuu alikuwa mtu wa Ukerewe, amekulia ziwani, na alinifundisha hivi. Boti ikijaa, toka nje. Chini ya viti mna maboya ya povu gumu, haitazama kabisa, lakini haiwezi kukubeba wewe pamoja na maji. Ishike ukingo ukiwa majini, itikise kwa mpigo kama mtu anayepepeta mchele, na kila mtikiso utamwaga maji kidogo upande wa pili. Kingo zikishainuka juu ya maji, mmoja aliye mwepesi apandie tezi, yaani nyuma, akae katikati na kufua kwa ndoo huku wenzake wakiishikilia isiyumbe. Kizibo cha nyuma usikiguse boti ikiwa imesimama majini. Utakuwa umeyafungulia mlango maji mengine.

Na jambo la mwisho alilirudia mpaka nikachoka kulisikia: boti yenye maji haivutwi. Ukiifikisha ukingoni, ifue kwanza hapo hapo, ndipo uinue omo, yaani mbele, juu ya gogo, utoe kizibo na maji yaliyobaki yajitokee yenyewe. Mwanamke aliyewahi kutoka kisimani na ndoo kichwani anajua maji yana uzito gani. Kwenye boti zimo ndoo nyingi, na zote zinakwenda mbele au nyuma pamoja unapovuta.

Kazi yetu haikuwa na sifa. Tuliwapeleka wapimaji wa kina, tukaondoa magogo na magugu yaliyoletwa na mito, tukakagua mdomo wa bomba linalopeleka maji mjini. Nahodha Mkuu alipostaafu nilipewa nafasi yake, nikaletewa msaidizi, Athumani, mtu wa Mgeta, umri wangu, mkulima wa njegere aliyechoka kungoja bei nzuri. Hakujua kuogelea. Nilipomtania kwamba amezaliwa katikati ya mito, akaniambia, "Kwetu maji yanapita zake. Haya ya kwenu yamekaa tu, kaka, yanamngoja mtu."

Lakini alijifunza. Alivaa jaketi la kuelea, nikamzamishia boti kama nilivyozamishiwa mimi, naye akaishika kazi ya kufua maji upesi kuliko nilivyoishika. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Watoto wake walipokuja kusoma mjini walilala kwangu Kihonda, na mke wangu hakuwahi kununua kabichi.

Tukaletewa Msimamizi mpya wa bwawa. Alikuwa mtu wa haraka, msafi, anayependa kila kitu kionekane kinafanya kazi. Nilimwogopa, na sioni sababu ya kulificha hilo katika umri huu. Nilikuwa na watoto shuleni, na yeye alikuwa na kalamu.

Wakati wa kiangazi tulikuwa na desturi mbaya ya kuifunga boti kwa tezi, kwa kamba fupi, ili injini iwe karibu na ukingo na tusiingie majini kujaza mafuta. Bwawa likiwa limetulia haina madhara. Lakini wenyeji wa Morogoro mnajua jinsi mlima unavyoweza kunyeshewa huku mjini watu wanaanika nguo. Jioni moja niliona wingu jeusi limekaa juu ya Uluguru, nikasema nitabadilisha kamba kesho. Asubuhi bwawa lilikuwa limepanda, jekundu kama chai ya maziwa. Kamba fupi ilikuwa imeishikilia tezi chini, maji yakaingia nyuma, na boti ilikuwa imejaa hadi ukingo, injini nusu iko chini. Kosa hilo lilikuwa langu, na nilimwambia Msimamizi hivyo hivyo.

Hakunikemea. Alisema wageni wa ofisi kuu wanakuja asubuhi ile kuzungushwa bwawani, na hataki wakute boti imelala kama kiboko. Akamwita dereva arudishe Landrova hadi ukingoni, kamba ifungwe kwenye pete ya omo, boti ivutwe nchi kavu.

Athumani alikuwa tayari ameifungua tezi na kuigeuza omo ielekee ukingoni, amesimama majini, yamemfika kiunoni, ameishika omo ili isikwame kwenye mawe. Akanitazama mimi, hakumtazama bosi.

"Kaka, hii ina maji. Tufue kwanza."

Msimamizi akasema kufua kutachukua asubuhi nzima. Akaniuliza mimi ndiye fundi au Athumani ndiye fundi. Nilimjibu Athumani, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Bosi ameshasema. Shika tu hapo, itatoka."

Dereva hakuweza kuona nyuma. Alikuwa anaangalia mkono wangu. Nikampa ishara aende. Kamba ikakaza mpaka ikaanza kulia. Boti haikusogea. Nilijua kwa nini haisogei, nilijua kuliko mtu yeyote pale, na bado niliendelea kumpungia dereva aongeze moto. Pete ikang'oka na kipande cha ubao, ikaruka na kamba kuelekea garini, na Athumani alikuwa katikati.

Ilimpiga kwenye jicho la kulia.

Walimpakia kwenye Landrova ile ile kumpeleka hospitali. Nilikuwa na mguu mmoja garini Msimamizi aliponiambia nibaki, kwa sababu injini itaharibika. Alisema kweli. Injini iliyozama ikishatolewa majini haingoji. Hewa ndiyo inayoleta kutu. Nikashuka. Nikaiinua injini nchi kavu, nikafungua plagi, nikaivuta kamba ya kuwashia ili silinda ziteme maji, nikamwaga kabureta, nikatia oili, nikarudishia. Wageni walifika wamechelewa, wakapiga picha kwenye ngazi ya bwawa, wakaondoka bila kuuliza habari ya boti. Mchana injini iliwaka. Msimamizi akanishika bega akasema hivyo ndivyo anavyotaka mtu wa kazi awe.

Jicho halikupona. Athumani alirudi Mgeta. Mimi niliendelea, nikapanda cheo, nikastaafu na mkono wa kwaheri na keki. Wakati wote huo nilimtumia salamu kupitia watu wa sokoni Mwembesongo. Salamu ni rahisi; anayezibeba ni mwingine.

Nilikwenda mwenyewe baada ya kustaafu. Nilimkuta shambani kwenye matuta yake, akigeuza kichwa chote kutazama kilicho upande wa kulia. Tulisalimiana vizuri. Mkewe alileta uji. Nilimwambia nilichokwenda kumwambia, kwamba nilijua, na kwamba sikuwa na sababu nyingine ila kumwogopa mtu yule. Akanisikiliza hadi mwisho, akiendelea kung'oa magugu.

"Ungekataa, angekufukuza?" akaniuliza.

Nikasema labda.

"Basi ungekuja huku," akasema. "Shamba hilo la chini lilikuwa tupu. Ningekupa."

Nililitazama. Lilikuwa na njegere za mtu mwingine, zimeshika miti vizuri. Athumani alimaliza tuta lake, akasimama. Alinifungia kabichi mbili kwenye mfuko nimpelekee mke wangu, akanisindikiza hadi barabarani akitembea kulia kwangu, ili aweze kuniona.